Nilimwona Akifika

Tuliposhuka basi Ruangwa mjini, mama mdogo Fatma alikodi bodaboda moja kwa sisi wawili, tukakaa mishikaki hadi Nkowe. Yeye katikati, mimi nyuma, na kila dereva alipopunguza mwendo kukwepa shimo, mama mdogo aligeuza shingo kunisikiliza somo langu.

"Utasema nini ukiulizwa?"

"Vumbi."

"Sema vizuri, usinung'unike."

"Vumbi liliniingia machoni, mama mdogo. Sikuona."

"Basi. Na usiongeze neno. Wewe ukianza kueleza, unaeleza kama uko darasani. Mwongo akieleza sana anajifunga mwenyewe."

Nikwambie mapema, msomaji, usije ukanionea huruma bure. Vumbi halikuwapo. Asubuhi ile uwanja wa Nachingwea ulikuwa umemwagiwa maji, na macho yangu yalikuwa mazima kama yalivyo leo.

Ilikuwa hivi. Tajiri mmoja muuza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na pampu za kuipulizia, jina lake Andrea, alituletea besiboli. Aliuona mchezo huo Dar es Salaam, ukamwingia kichwani kama homa, akaanzisha ligi yake mwenyewe ya timu nne: Nachingwea, Ruangwa, Masasi na Liwale. Mchezo wenyewe ni wa kupiga mpira kwa gongo kisha kukimbia kuzunguka vituo, na ukirudi ulikoanzia kabla hawajakugusa na mpira, umepata pointi. Vituo vyetu vilikuwa mifuko ya salfa iliyojazwa mchanga. Watu walitucheka, walisema gongo lile lingefaa zaidi kuulia nyoka, lakini walikuja, na mwezi wa pili walikuwa wanagombana vijiweni kana kwamba walizaliwa nao. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi huko Naipingo, nilipewa urefa kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma kitabu cha sheria mpaka mwisho.

Huko ndiko nilikompata Harithi. Alitokea Nkowe, alichezea Ruangwa, mrefu, mpole, wa maneno machache. Kwenye mpira wa miguu, ambao kwetu huku ni kama dini ya pili, Harithi alikuwa mtu wa benchi, na hata benchini hakuna aliyejua jina lake. Kwenye besiboli alikuwa mtu. Akikimbia, wanawake waliacha kupepeta mchele. Aliniambia siku moja, tukiwa tumekaa nje ya duka la vifaa, "Stumai, nilikuwa sijui kama na mimi kuna kitu naweza." Nilimpenda hapo hapo. Mwezi wa nane mjomba wake akaleta barua ya posa kwetu, na Nachingwea nzima ikajua.

Mwezi uliofuata ikaja fainali, Ruangwa na Nachingwea, kwenye uwanja wetu. Andrea alikuwa amekwisha kusema kwamba mfuko wake umechoka, kwa hiyo timu itakayobeba kombe ndiyo atakayoendelea nayo, nyingine zivunjwe. Pointi zilikuwa sawa. Harithi akatoka kituo cha tatu akija nyumbani, yaani pale alipoanzia, na akifika tu, kombe la Ruangwa. Sasa wanawake wa mtaani kwetu walikuwa wameanza kuimba tangu mapema: refa ana mume uwanjani, refa ana mume uwanjani. Mama yangu alikuwa kati yao, amejifunika kanga usoni kwa aibu. Harithi akajirusha, akateleza kwa ubavu, mguu wake ukakanyaga mfuko wa salfa. Mpira ulikuwa haujatua hata kwenye glovu ya Dickson, mdakaji wetu. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Harithi akainua uso, akanitazama, anatabasamu.

Nikawatazama wale wanawake. Kisha nikanyanyua mkono. "Nje."

Tabasamu lake lilichukua muda kuondoka. Hilo ndilo ninaloliota. Hakubisha, hakupiga kelele kama wenzake waliotaka kunipiga na gongo. Alijipangusa suruali, akaenda kukaa. Katika zamu ya nyongeza wakafungwa, na wiki iliyofuata Andrea akachukua magongo yao. Na hiyo Nachingwea niliyoipa kombe haikuona hata Novemba. Msimu wa korosho ulipoanza, wachezaji walikwenda mashambani kwao, Andrea akarudi kwenye salfa yake, ligi ikafa. Kwa hiyo hata wizi wangu haukumfaa mtu.

Sasa vijana wa Ruangwa walikuwa wamelipeleka neno kwa mjomba wake Harithi kwamba refa aliona akadhulumu. Kwetu mwenye kauli juu ya ndoa ya kijana ni mjomba, na mjomba Uwesu akatuita. Barua ya posa ilikuwa mikononi mwake: aiendeleze au aivunje.

Tuliwakuta uani, wamezungukwa na mabibo. Wanawake walikuwa wanachambua korosho, wanang'oa mbegu na kutupa mabibo pembeni, na harufu yake tamu ilikuwa imetanda nyumba nzima. Mjomba Uwesu alikuwa kwenye kiti cha kukunja. Mama yake Harithi, Bi Zulekha, alikuwa amekaa chini kwenye turubai, miguu ameinyoosha, mikono inafanya kazi bila yeye kuitazama. Harithi alikuwa anajaza gunia karibu na ukuta. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba," mjomba akajibu. Bi Zulekha alijibu kwa kidevu. Tulipewa mkeka lakini hatukupewa maji, na mama mdogo aliona, maana alinibana mguu.

"Mwalimu," mjomba alianza, "mimi si mtu wa michezo. Mchezo wa gongo siujui na sasa umekufa, Mungu aulaze. Ninalotaka kujua ni dogo. Vijana wanasema ulimwona mchumba wako amefika, ukasema hajafika. Mwanamke anayemkana mtu wake mbele za watu, huyo hata mahakamani atamkana. Lakini Harithi mwenyewe, na alikuwa ameketi hapo ulipo, ametuambia hakufika. Anasema alichelewa kuteleza. Kosa ni lake."

Nilimtazama Harithi. Hakuinua kichwa, aliendelea kupiga gunia likae vizuri.

"Wiki tatu hizi," Bi Zulekha akadakia, "sina pa kuweka uso. Nikienda kisimani naambiwa, mama wa aliyeiua timu. Mtu umepewa miguu, kazi yako ni kukimbia tu, na kukimbia kwenyewe kunakushinda. Nimemwambia, mzembe ni mzembe tu, hata umvishe jezi."

Hakuna aliyemkatiza. Inaelekea maneno hayo yalikuwa yamesemwa pale mara nyingi, yamezoeleka.

Ndipo Bi Teodosia akasimama. Huyu ni jirani yao, mama wa makamo, na ni mtani wa ukoo wa Bi Zulekha tangu enzi za mababu. Wasiojua niwaambie: mtani akikusema hukasiriki, akikuvua kanga huidai, na msibani anaweza kumwigiza marehemu mbele ya jeneza watu wakacheka na machozi yao. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua bibo moja akaliweka chini katikati ya ua.

"Wageni wamekuja na nyuso za kesi," alisema. "Kesi gani, na mimi nilikuwepo? Tazameni."

Akaanza kukimbia. Alimwigiza Harithi, lakini Harithi mwenye tumbo, anayepepesuka kama bata, anayesimama njiani kujikuna, anayepangusa jasho huku mpira unakuja. Alipofika kwenye bibo alijiangusha chini kabla yake, akaanza kulitafuta kwa mguu kama mtu anayetafuta kandambili gizani. Uani kote walicheka. Mjomba Uwesu alicheka mpaka akashika kifua. Hata mama mdogo alicheka. Bi Zulekha alicheka kwa uchungu, kile kicheko cha mtu anayejikwaa.

Harithi naye alitabasamu, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Lakini niliona masikio yake. Harithi akiona aibu, masikio ndiyo yanayosema. Nikaelewa kwamba haikuwa mara ya kwanza kuchezewa ngoma hiyo. Wiki tatu mtu huyu ameigizwa, amechekwa, ameitwa mzembe na mama yake, na angeweza kunyamazisha wote kwa neno moja tu: nilifika. Hakulisema. Na mimi siku zote hizo nilikuwa Naipingo nasahihisha madaftari, nafanya mazoezi ya vumbi.

Sijawahi kujidharau namna ile. Nilitamani hata nisiwe na mikono.

Bi Teodosia akanigeukia, bado anahema. "Haya, refa. Wewe ndiye mwenye macho ya serikali. Mzembe wangu huyu ulimwona, au naye hakustahili kuonwa?"

Watu wakangoja kucheka tena. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mtani amenitupia mzaha, na mimi ningerudisha mzaha, tukacheka, kesi ikaisha, maji yakaletwa. Mama mdogo alininong'oneza bila kusogeza midomo, "Cheka. Sema alichelewa. Hata vumbi halihitajiki."

"Nilimwona," nikasema.

"Ulimwona anatafuta bibo?"

"Nilimwona akifika, Bi Teodosia. Mguu wake ulikuwa juu ya mfuko kabla mpira haujadakwa. Nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na wewe. Alifika, nikasema hakufika, kwa sababu wanawake wa kwetu walikuwa wanaimba, na niliogopa kuambiwa nampendelea mume. Hakuna vumbi wala kuchelewa. Mjomba, vijana wamekwambia kweli. Nilimkana."

Bi Teodosia akajifungua kanga kiunoni polepole, akaketi. Mtani akiacha mzaha ujue jambo limekuwa zito.

"Mama yangu," mama mdogo Fatma akasema chini chini. "Nimepanda mishikaki kwa ajili ya hili."

Mjomba Uwesu hakunitazama mimi. Alimtazama mpwa wake. "Harithi. Mimi nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu, mjomba."

"Ukaniambia nini?"

"Nilisema sikufika."

"Ulinidanganya mimi, ndugu wa mama yako, kwa ajili ya mwanamke ambaye hajaingia hata ndani."

"Nilikudanganya, mjomba. Nisamehe."

"Huyu kakukana mbele za watu, na wewe ukanidanganya nyumbani kwangu. Sijui kati yenu nimwamini nani." Alitoa barua ya posa mfukoni, akaipigapiga gotini. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sitaivunja leo, maana sijui ninavunja nini. Lakini sitaiendeleza. Italala mpaka korosho ziishe. Mtu asinisemeshe habari hizi kabla."

Akaingia ndani. Harithi akatupa kamba ya gunia chini, akatoka kuelekea shambani. Nilimtazama mama mdogo, kwa sababu mchumba wa mtu hamfuati mwanamume mchana kweupe mbele ya wakwe.

"Nenda," akasema, amechoka. "Adabu yenyewe imebaki ipi?"

Nilimkuta kwenye mkorosho wa tatu, amesimama kanipa mgongo.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Harithi."

"Hapana, niambie. Nani alikutuma? Kitu nimekibeba wiki tatu, wewe unakuja kukimwaga kwa dakika moja. Mama alikuwa amekwisha kupoa. Mjomba alikuwa tayari. Leo ungesema nilichelewa, jioni hii tungekuwa tunapangiwa siku."

"Ningekuja kuolewa na mtu anayeitwa mzembe kwa kosa langu. Kila Teodosia akisimama kucheza, mimi nimekaa pembeni nacheka na wenzangu. Miaka mingapi?"

"Ingesahaulika."

"Wewe ungesahau?"

Alichuma bibo, akaling'oa korosho yake, akaitia mfukoni, mkono wa mkulima haulali hata ukiwa na kisirani.

"Mimi sikuchukia kutolewa nje," alisema hatimaye. "Marefa wanakosea. Nilichukia kwamba ulinitazama kwanza. Ulinitazama, ukawatazama wale, ukapima, ukaona mimi ni mwepesi."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema niliogopa tu, sikupima. Lakini siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua kutosema uongo, na uongo mtamu ni uongo pia.

"Nilipima," nikasema. "Nikajua wewe hutanifanya kitu. Wale wangenisema mwaka mzima, wewe ungenisamehe. Ndiyo maana naona aibu, Harithi. Sikukutoa kwa sababu sikupendi. Nilikutoa kwa sababu nilijua unanipenda."

Machozi yalianza kunitoka, nikayaacha. Sikuwa na uso wa kuuficha tena. Nilipomtazama niliona hanitazami kwa hasira. Alikuwa na uso ambao sikuutegemea, uso wa mtu anayetaka kuomba kitu anaona haya kukiomba.

"Stumai."

"Naam."

"Kweli nilifika?"

Nilidhani ananipima. "Umesikia nilivyosema mbele yao."

"Nimesikia. Nakuuliza mimi." Akakohoa kidogo. "Siku ya kwanza nilijua nimefika. Siku ya pili nilijua. Lakini nimesema sikufika mara nyingi mno, kwa mjomba, kwa mama, kwa vijana, kila siku, mpaka wiki hii nikilala najiona nateleza halafu mfuko uko mbali. Sikuwa na hakika tena. Nikawa nasema labda mama ana haki, labda hata huko sikuwa kitu."

Mungu wangu. Nilidhani nimemwibia kombe. Kumbe nilikuwa nimemwibia hata kile kidogo alichokipata maishani, kile alichoniambia nje ya duka la vifaa.

"Ulifika," nikasema.

"Sema ilivyokuwa."

"Ulitoka kituo cha tatu kabla gongo halijagusa chini. Ulipita nusu ya njia Dickson bado anatazama mpira juu. Ulijirusha kwa ubavu wa kushoto. Mguu wa kulia ndio uliokanyaga, kisigino, na mfuko ulisogea. Mpira ulikuja baadaye, nikausikia ukiingia kwenye glovu. Ulikuwa umefika na una nafasi ya kupumua."

"Kisigino."

"Kisigino cha kulia."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea salamu za mbali. Hakunishika mkono. Hakusema amenisamehe. Nilitamani aseme, sikuthubutu kudai.

"Rudi uani," alisema. "Watasema. Mimi nakuja."

Nilirudi. Mama mdogo alikuwa amekwenda na Bi Teodosia kutafuta maji, na uani alibaki Bi Zulekha peke yake juu ya turubai. Mikono yake ilikuwa imesimama. Sikujua pa kukaa, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyechelewa shule.

"Mkono uliunyanyua upi?" akaniuliza.

"Huu, mama. Wa kulia."

"Kaa uufanyishe kazi."

Nikakaa. Akanisukumia lundo la mabibo, tukaanza kung'oa, utomvu wa mabibo ukitukauka vidoleni. Kisha sauti ikamtoka, ndogo, si ile ya mwanzo.

"Mwalimu. Wewe ulimkana siku moja. Mimi nimemwita mzembe siku ishirini na moja, asubuhi na jioni, hata akiwa anakula. Alikuwa ananiitikia tu, ndiyo mama. Jioni leo nitampakuliaje? Nitamtazama vipi?"

Niliendelea kung'oa korosho, na yeye akaendelea, wote tumeinamisha vichwa.

Tulisikia nyayo zake zikija kutoka shambani. Bi Zulekha akajifanya anatafuta kitu kwenye mabibo. Mimi nikajifanya nahesabu. Nyayo zikasimama mbele ya turubai, nikaona miguu yake, vumbi hadi magotini, na hakuna kati yetu aliyeweza kuinua uso.

"Sogeeni basi," Harithi akasema. "Na mimi nikae."